Mgane wa Chunya

Sehemu ya Sita

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, hukukosa mengi mazuri. Naitwa Frida, ni afisa ugani wa kilimo kule Rujewa, na nimechumbiwa na Paulo, mkulima wa mpunga. Baba yake, Mzee Nkuba, aliyehamia Usangu na ng'ombe wake kutoka Usukumani, aligoma kukabidhi mahari mikononi mwa mwanamke. Alitaka baba. Baba yangu, Obeid, alituacha nikiwa na miaka tisa, akaenda machimboni Chunya, na kwa miaka kumi na saba hatukupata hata salamu yake. Mjomba wangu Ezekia, mzee wa kanisa, akaenda kumtafuta, akampata, akamleta nyumbani Iringa.

Niliishia pale aliposhuka kwenye basi, akanitazama, kisha akamwuliza mjomba: "Na huyu ni nani?"

"Shikamoo," nilimwambia. Sikuongeza neno baba. Neno hilo lina wenyewe.

Alipofika nyumbani alikaa kwenye kiti cha mama bila kuambiwa. Akaisifia chai. Akasema baridi ya Iringa haijabadilika. Miaka kumi na saba, na alichokikumbuka ni hali ya hewa.

Mimi nilikuwa nimemwandalia maneno tangu darasa la nne. Nilipofungua mdomo, nilimwuliza kama aongezewe sukari.

Mama hakumtazama. Mama yangu anaitwa Faustina, lakini mtaani kwetu Kihesa wote wanamwita Mama Frida, na wengi hata hawajui kama ana jina lingine. Ni mwenyekiti wa wanawake wa usharika. Akiomba, watu hulia. Aliendelea kushona gauni la mwimbaji mmoja wa kwaya kana kwamba aliyekaa pale ni gunia la mahindi.

Nilifurahi. Nilimwona mama kama malkia, na yule mwanamume kama kitu kilichobebwa na upepo wa machimboni kikatua sebuleni kwetu. Alikuwa na koti kubwa kuliko mabega yake na simu iliyofungwa kwa mpira. Kazi yake, alisema kwa majivuno, ni kusimamia karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Karasha lenyewe ni la mtu mwingine.

Sasa, sisi Walutheri tuna utaratibu wetu. Tangazo la ndoa husomwa Jumapili tatu. Langu lilisomwa moja, la pili likasimamishwa. Mchungaji Aroni alifungua daftari akakuta baba alitengwa na kanisa tangu mwaka aliotukimbia. Mzazi aliyetengwa hasimami kwenye ndoa ya mtoto wake. Sharti kwanza arudi kundini: aje mbele ya usharika wote, apige magoti, aseme alichokosa, na wale aliowakosea waulizwe kwa kipaza sauti kama wanamsamehe.

Wakisema ndiyo, anapewa mkono na matangazo yanaendelea. Wakisema hapana, yeye anarudi Chunya na Mzee Nkuba anarudi Rujewa.

Kwa hiyo ndoa yangu ilining'inia kwenye neno moja, na neno hilo nilitakiwa kulitoa mimi.

Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Frida ni mpole. Frida hana neno. Nimeyasikia hayo tangu utotoni. Watu wakishakuita mpole, wanakukalia.

Ijumaa tuliitwa ofisini kwa mchungaji, mbele ya baraza la wazee. Baba aliambiwa atoe barua ya usharika wa huko alikokuwa akisali. Akatoa bahasha iliyogundishwa vizuri. Mjomba alimwuliza kama ameisoma. Akasema miwani aliisahau kwenye karasha.

Mchungaji Aroni akaifungua, akaisoma kwa sauti. Ilisema Bwana Obeid ni mshiriki mwaminifu, anaimba sauti ya nne, hana deni la nidhamu. Ilisema pia kwamba ni mgane, na kwamba miaka kumi na moja iliyopita alifunga ndoa takatifu na Bibi Tumpe.

Mchungaji akavua miwani. "Mgane wa nani?"

Marehemu alikuwa dirishani, akiwamiminia wazee chai.

Mzee mmoja aitwaye Vitus alirudisha kikombe chake mezani taratibu, kama mtu aliyegundua kinatoka msibani.

Baba alitazama sakafu. Nilimwona anafikiri, na kufikiri kwenyewe kulimchukua muda.

"Ni mimi," alisema. "Niliwaambia amekufa."

Mama aliweka chini chupa ya chai, akajifunika uso kwa khanga. Mabega yakamtetemeka. Mjomba Ezekia alisimama, akaliomba baraza ruhusa ya kumpiga shemeji yake. Baraza likakataa, akakaa akiwa na nafuu usoni, maana baba ni mrefu.

Kuna wanaume wanaokimbia wake zao. Kuna wanaowasahau. Huyu wa kwetu alimzika, na bila shaka alikula ubwabwa wa arobaini. Sijawahi kumdharau mtu kiasi kile, na ilinishangaza jinsi dharau inavyompa nguvu mtu mwoga, kwa sababu niliongea mbele ya wazee wote bila kuulizwa.

"Ulilia?" nilimwuliza.

Alinitazama. "Sikulia."

"Hata kuigiza hukuweza."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mchungaji akakohoa, kama anavyokohoa kila anapotaka kutamka jambo ambalo wazee wameshaliamua. Suala la ndoa ya pili litapelekwa dayosisi, alisema, wao ndio watakaosema kama huyo Tumpe ni mke au hawara. Toba ibaki Jumapili. Akaniuliza kama bado nitaweza kujibu.

Nikasema nitajitahidi. Moyoni nilishaamua. Ningesema ndiyo kwa ajili ya Paulo, kwa mdomo tu, jinsi mtu anavyomeza kwinini. Baada ya harusi, yule mtu asingekanyaga kwangu hata kuomba maji.

Jumamosi mchana mama alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Nilikuwa peke yangu, nachambua mchele, mlango ukagongwa.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kitenge cha vumbi na mkoba wa plastiki. Miguu ilimvimba. Alisema ametoka Chunya, amelala Mbeya, na anamtafuta Mama Frida, aliyekuwa katibu wa usharika.

"Ni mama yangu," nilimwambia. "Alikuwa katibu zamani. Karibu."

"Ndaga," alishukuru kwa Kinyakyusa, akakaa. "Mimi ni Tumpe, mke wa Obeid."

Nilirudi kwenye ungo wangu. Nikiri kwamba hata maji sikumpa. Nilimwambia, kwa ile sauti ya ukarani ninayowatolea wakulima wanaochelewa kwenye mafunzo, kwamba suala lake liko dayosisi.

"Ndiyo maana nimekuja," alisema. "Mume wangu alikuja huku kumwoza bintiye, ambaye hata jina hakuwahi kunitajia, na jana alinipigia akaniambia nisishangae nikiitwa hawara. Mimi si hawara, mdogo wangu. Niliolewa kwa barua ya kanisa lenu. Mchungaji wetu aliandika huku kuuliza kama huyu mtu ana mke. Mkajibu mke alishakufa. Namtaka Mama Frida aje nami kwa mchungaji, aseme kwamba barua aliiandika yeye, na kwamba huyo Faustina alikufa kweli."

Mchele ulikuwa mikononi mwangu. Sikuumwaga, wala sikupiga kelele.

"Dada," nilisema, "Faustina ndiye Mama Frida. Ni mtu mmoja."

Tulitazamana. Aliingiza mkono kwenye mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa na mhuri wetu. Iliandikwa kwa taipu, kwa Kiswahili kizuri cha ofisi, ikisema kwamba mke wa Bwana Obeid, Bibi Faustina, alifariki kwa homa, kwamba bwana huyo hana doa lolote la nidhamu, na kwamba usharika unamtakia baraka katika ndoa mpya. Chini, kwa niaba ya mchungaji, pamewekwa sahihi ninayoijua kuliko yangu, maana ndiyo iliyokuwa kwenye ripoti zangu zote za shule. Mama Frida.

Chunya nzima, labda ukimtoa baba, hakukuwa na mtu wa kujua kwamba marehemu ndiye aliyejaza cheti chake.

Tumpe alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Nimemwombea huyo mama kila Pasaka," alisema. "Binti yangu mkubwa nimempa jina lake."

Nikaenda kumletea maji.

Hakumsubiri mama. Alisema akimwona anaweza kumpiga, na hakuja kupiga mtu. Aliiacha barua mkononi mwangu. Kesho atakuwa kanisani, benchi la nyuma, aone kama ndani ya jengo hilo kuna mtu hata mmoja wa kusema kweli.

Mama alirudi akiimba. Nilimwonyesha karatasi. Aliitazama kama unavyotazama picha yako ya zamani, akavua viatu kwanza.

"Kwa hiyo yule mke wa Chunya alikuja," alisema.

Nilimwuliza kwa nini. Nilitaka alie. Hakulia.

"Ningeandika nipo, wangemrudisha," mama alisema. "Wangemleta hapa na wazee sita na sala, niambiwe nimpokee. Wewe hukumwona alivyokuwa anapiga meza akilewa. Barua ilikuja, ofisini nipo peke yangu, mchungaji wa zamani yuko hospitali. Nikaandika sipo. Nikapiga mhuri, nikaenda kufundisha kwaya."

"Na yeye anajua?"

"Anajua. Alisomewa, akanyamaza, akaoa. Usimwonee huruma sana."

"Mbona jana alisema ni yeye?"

Mama alinyanyua mabega. "Hakuambiwa na mtu. Amejibebesha mwenyewe. Yule amezoea kulaumiwa, Frida. Likiongezeka moja halimvunji mgongo. Mimi nikitengwa, kesho nani atashika wanawake wa usharika?"

Akaniomba niichome ile karatasi nikibandika ugali. Aliniomba kama mtu anayeomba apishwe njia. Kisha akasema maneno ambayo nimeyatafakari tangu siku ile: kesho niseme ndiyo kwa sauti, maana nina kawaida ya kunong'ona.

Ningeweza kumwelewa mama aliyeogopa. Hata leo naweza. Lakini nilikumbuka mabega yake yakitetemeka chini ya khanga Ijumaa, na mimi nikiyaonea uchungu. Kumbe baba ndiye asiyeweza kuigiza. Mwenye kipaji hicho alikuwa mama.

Nilimpigia Paulo. Alikuwa ameshafika Iringa na wazazi wake kwa ajili ya Jumapili. Paulo ndiye mtu pekee ninayeweza kuongea naye bila kutetemeka. Tulianza kupendana shambani kwake, nilipokuwa nikiwafundisha wakulima kupanda miche kwa mistari, akapinda mstari makusudi ili nirudi kumsahihisha. Nilimsomea barua yote.

Nilimsikia akitoka nje na kufunga mlango.

"Usimwambie mzee," alisema. "Nakupenda, Frida, unajua. Lakini mzee akisikia mama yako alighushi mhuri wa kanisa, ndiyo basi. Atasema mtoto hufuata mama. Sema ndiyo, tufunge ndoa, mengine tutayaombea."

Ana miaka thelathini na moja, ana ekari kumi na mbili za mpunga, na anamwogopa baba yake kama mtoto aliyevunja kibuyu. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia sawa. Mimi ni nani wa kumcheka mwoga?

Barua sikuichoma. Niliiweka katikati ya kitabu cha nyimbo, nikalala nayo chini ya mto, na sikupata usingizi wala jibu.

Jumapili asubuhi nilimkuta baba nje ya kanisa, karibu na bomba la maji, anasugua viatu kwa majani. Alivaa lile koti. Nilimwambia Tumpe amefika, na kwamba nimeisoma barua. Mkono wake ukasimama juu ya kiatu.

"Kwa nini ulisema ni wewe?" nilimwuliza.

"Nilikuacha na miaka tisa," alisema. "Aliyekulea ni yule. Wakimtoa yule, utabaki na nani? Na mimi?"

Akacheka peke yake, kama amesema kichekesho.

"Na mkeo je? Naye aitwe hawara ili wewe ujione shujaa?"

Alirudi kusugua kiatu. Nadhani hilo hakuwa amelifikiria. Ndivyo alivyo baba yangu: hata akitenda wema lazima kuna mwanamke atakayeachwa njiani. Nilimdharau tena. Lakini nilimdharau nikiwa namtazama usoni, na kidevu chake ni kidevu changu.

Kanisa lilijaa. Habari ya marehemu anayemimina chai ilikuwa imetangulia, na waliokuwa hawajaonekana ibadani tangu Krismasi walikaa mbele. Mzee Nkuba alikaa upande wa wanaume, fimbo katikati ya magoti, Paulo pembeni yake. Tumpe alikuwa benchi la nyuma kabisa, mkoba mapajani.

Baba aliitwa. Alipiga magoti kwenye sakafu, koti likamfunika hadi visigino. Akasema alitelekeza familia. Akasema alilidanganya kanisa la Chunya kwamba mkewe amekufa. Kuna wanawake waliosonya waziwazi, na mchungaji hakuwakataza.

Kipaza sauti kikapewa mama.

Ilitosha aseme neno moja. Mama yangu hakuwahi kushika kipaza sauti akasema neno moja. Aliusimulia usharika jinsi alivyolala na njaa ili mimi nile, na hilo ni kweli. Alisimulia jinsi Mungu anavyowaona wajane wasiofiwa. Akamgeukia aliyepiga magoti, akatoa machozi mazuri, akasema: "Ulinizika nikiwa hai, Obeid. Leo mimi uliyenizika nakwambia, nimekusamehe."

Kanisa zima likaitika amina. Mjomba Ezekia alikuwa analia. Mzee Nkuba alitikisa kichwa kwa heshima. Nikamwona baba akiwa chini pale, kichwa kimeinama, akiitika amina pamoja na wengine.

Nikageuka. Benchi la nyuma, Tumpe hakuwa analia wala hakuwa amekasirika. Alikuwa anafunga zipu ya mkoba wake, taratibu, kama mtu aliyekwisha kupata jibu lake.

Mama akanipa kipaza sauti na kunifinya mkono. "Kwa sauti," aliniambia kwa midomo.

"Binti Frida," alisema Mchungaji Aroni, "je, unamsamehe baba yako?"

Nilifungua kitabu cha nyimbo. Watu walidhani nataka kuimba, nikaitoa ile karatasi.

"Nimemsamehe," nilisema, na ajabu ni kwamba nilipolisema lilikuwa kweli. "Baba, nimekusamehe ulivyotuacha. Lakini hili la pili hukulitenda peke yako, na hupaswi kulipigia magoti peke yako."

Nikamtazama mama. Nilitaka kumwambia kwa upole, na nadhani nilimwambia kwa upole.

"Mama, nenda ukapige magoti pale. Nafasi ipo. Nikimaliza kuwasamehe wote wawili, na dada Tumpe aitwe huku mbele tumwombe radhi."

Uso wa mama ulikuwa mweupe kama karatasi niliyoishika. Aliinyooshea mkono. Hakuitaka kwa nguvu. Vidole vilikuja taratibu, vidole vilivyonisuka nywele tangu nazaliwa, na mdomo wake ukasema jina langu bila sauti. Baba alinyanyuka nusu kutoka magotini, akasema, "Mwanangu, acha." Ndiyo mara ya kwanza ananiita hivyo. Paulo alikuwa ameziba uso kwa viganja.

Ndipo fimbo ilipogonga sakafu.

Mzee Nkuba alikuwa amesimama. Hakuwa na hasira. Alizungumza polepole, Kiswahili chake kizito, kama anayeita ng'ombe waliotawanyika.

"Hiyo karatasi isomwe," alisema. "Nikishaisikia ndipo nitajua naondoka na mkwe, au naondoka na mwanangu tu."

Mchungaji alinitazama mimi. Mama alinitazama mimi. Mkono wake ulikuwa bado uko hewani, kati yangu na ile karatasi, na mimi ndiye niliyekuwa na kipaza sauti.

Nikaikunjua.